Raga ya kulipwa na mitandao ya kijamii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa shabiki anayetaka kujua kwa nini timu kubwa za raga hazitoki kwenye simu yake, na wa yule anayeendesha akaunti ya klabu ndogo akitafuta la kujifunza kwa wakubwa. Mifano mingi inatoka Afrika Kusini, Uingereza na New Zealand, kwa sababu huko ndiko mchezo huu unakolipa mishahara. Kenya ina swali lake karibu na mwisho.

Klabu ya raga inahitaji mitandao ya nini, wakati kazi yake ni kucheza?

Anza na ratiba. Ligi kuu ya wanaume ya Uingereza ina klabu kumi, na kila klabu hucheza mechi kumi na nane za ligi. Tisa tu ndizo za nyumbani. Mwili wa mchezaji wa raga hauhimili mechi mbili kwa wiki kama soka, kwa hiyo hakuna namna ya kuongeza. Mashabiki huingia uwanjani mara tisa, ukiongeza na mechi chache za vikombe, na siku zote zilizobaki timu haina mahali pa kukutana nao ila kwenye simu.

Halafu kuna ugumu wa mchezo wenyewe. Mtu anayeona raga kwa mara ya kwanza haelewi kwa nini refa amepuliza filimbi, na mara nyingi hata sura za wachezaji hazioni: vichwa vimezama kwenye skramu, pale timu mbili zinaposukumana zikigombea mpira, masikio yamefungwa plasta, midomo imejaa kinga ya meno. Soka humwonyesha mtu mwenye mpira peke yake kwenye nyasi. Raga huwaficha watu wake. Kwa hiyo timu inapoposti, kazi yake ya kwanza ni kuwatoa wachezaji kwenye lile rundo na kumfanya mtazamaji awajue kwa majina. Timu zinazofanikiwa mtandaoni zimelielewa hilo, na zinazoshindwa hubaki zikibandika nembo na matokeo.

Mbona video nyingi ni za mazoezini, kwenye basi na vyumbani, na si za mechi?

Kwa sababu mara nyingi picha za mechi si mali ya timu. Haki za matangazo zimeuzwa. Ligi ya Ufaransa, Top 14, iko mikononi mwa Canal+, na mechi za Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, sisi wa Afrika huzitazama SuperSport. Aliyelipa fedha zote hizo hataki trai nzuri, yaani bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, isambae bure kabla hajaionyesha yeye, kwa hiyo timu huruhusiwa vipande vifupi tu, tena kwa masharti ya muda.

Kinachobaki mikononi mwa timu ni kila kitu kinachotokea nje ya dakika themanini: mazoezi ya uzani, chakula cha mchana, wachezaji wakitaniana, kocha akizungumza kabla ya kutoka, mtoto wa mchezaji akikimbia uwanjani baada ya filimbi ya mwisho. Timu zililazimika kutumia vitu hivi, na vikageuka kuwa ndivyo watu wanavyovipenda zaidi. Marudio ya trai unaweza kuyapata kokote. Nahodha akiimba na wenzake baada ya ushindi, kamera ya timu ndiyo pekee iliyomo chumbani.

Posti gani hupata mjadala mkubwa kila wiki?

Kutangazwa kwa kikosi. Kwa mechi za kimataifa majina hutoka kwa kawaida siku mbili kabla ya mchezo, na siku hizo mbili zote ni za ubishi. Timu zinajua, ndiyo maana tangazo hilo hutengenezwa kwa uangalifu kuliko matokeo yenyewe.

Afrika Kusini wamelipeleka mbali. Mwaka 2019 walianza kuwaita wachezaji wao wa akiba Bomb Squad, kikosi cha mabomu, kwa sababu kocha alikuwa akijaza benchi mafowadi sita, wale wachezaji wazito wa mbele, ili waingie kipindi cha pili na kuwavunja wapinzani waliokwisha choka. Mwaka 2023 wakathubutu zaidi: mafowadi saba na beki mmoja tu, yaani mchezaji wa nyuma mwenye kasi. Orodha hiyo ilipotoka, waliokuwa makocha na wachezaji wa nchi nyingine walijaza mitandao wakilalamika kwamba si haki, na wengine wakaisifu. Springboks hawakulazimika kununua tangazo lolote. Watu waliokuwa hawajawahi kufikiria benchi la raga wakawa wanajadili hatari ya kubaki na beki mmoja wa akiba. Huo ni ufundi wa uwanjani uliopewa jina zuri, na jina ndilo lililosafiri.

Ilona Maher ni nani, na kwa nini kila anayezungumzia jambo hili humtaja?

Ni mchezaji wa Marekani, mzaliwa wa Burlington, Vermont, aliyesomea uuguzi chuoni huku akicheza raga. Alianza kujulikana wakati wa Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 bila watazamaji kwa sababu ya korona. Dunia ilikuwa imefungiwa nje, naye akawa anarekodi video fupi za maisha ndani ya kijiji cha wanamichezo: vitanda, foleni ya chakula, utani na wenzake. Hakuwa na timu ya wapiga picha. Alikuwa na simu na ulimi mwepesi.

Ilipofika Paris 2024 alikuwa na jeshi la watu nyuma yake. Marekani ilitwaa shaba ya raga ya wachezaji saba upande wa wanawake kwa kuifunga Australia 14 kwa 12, trai ya Alex Sedrick ikija wakati mechi imekwisha kabisa, akikimbia kutoka karibu na mstari wao wenyewe. Mfanyabiashara Michele Kang akaahidi dola milioni 4 kwa timu hiyo kwa miaka minne. Baada ya michezo, Maher akawa mchezaji wa raga mwenye wafuasi wengi zaidi Instagram, akiwapita wanaume wote wa mchezo huu, hata wenye vikombe vya dunia.

Anachokisema kwenye video ndicho kilichomjengea wafuasi hao. Ni mwanamke mwenye mabega mapana na uzito wa mtu anayebeba watu kwa kazi, na anazungumza waziwazi kuhusu mwili wake. Watu wanapomdhihaki kwa ukubwa wake huwajibu hadharani kwa takwimu na kwa medali. Hupaka rangi ya midomo kisha huingia uwanjani kuangusha watu. Wasichana wengi wanaomfuata hawajui sheria hata moja ya raga, nao ndio hasa watu ambao mchezo huu ulikuwa umeshindwa kuwafikia kwa miaka mingi.

Bristol Bears walipomsajili, ilikuwa raga au biashara?

Vyote viwili, na sioni aibu yoyote katika hilo. Desemba 2024 klabu hiyo ya kusini-magharibi mwa Uingereza ilimpa mkataba wa miezi mitatu. Yeye alikuwa na sababu zake za kimchezo: alikuwa amezoea raga ya wachezaji saba, na alitaka kujifunza ya kumi na tano ili aingie kikosi cha Marekani cha Kombe la Dunia la 2025. Klabu nayo ilijua inamleta nani.

Angalia walichofanya baada ya kutangaza. Timu yao ya wanawake ilikuwa ikichezea Shaftesbury Park, kiwanja kidogo. Mechi ya Januari 5, 2025 dhidi ya Gloucester-Hartpury, ambayo ndiyo angeanza nayo, ikahamishiwa Ashton Gate, uwanja mkubwa wa jiji. Wakaja watu 9,240, rekodi ya timu hiyo. Bristol walifungwa siku ile, na bado foleni ya watoto waliotaka kumsalimia ilikuwa ndefu.

Hapa ndipo ninapoona ubora wa kazi yao. Klabu nyingi zingebaki zikihesabu wafuasi wapya na kujipongeza. Bristol walichukua umaarufu wa mtu mmoja wakautafsiri kuwa viti, tiketi na mchana mmoja wa familia uwanjani, na waliokuja kwa ajili ya Maher wakawaona pia wachezaji wengine ambao wameitumikia klabu kwa miaka. Posti isipompeleka mtu mahali fulani, ni kazi iliyoachwa nusu.

Mwisho wa safari hiyo ulikuwa Sunderland, Agosti 22, 2025, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la wanawake: Uingereza dhidi ya Marekani mbele ya watu 42,723. Marekani walifungwa 69 kwa 7. Mitandao haifungi trai.

Je, raga ya wanawake inafaidika na mitandao kuliko ya wanaume?

Kwa maoni yangu, ndiyo, na kwa mbali. Raga ya wanaume ilikuta televisheni na magazeti yakiisubiri. Ya wanawake ilinyimwa vyote viwili, kwa hiyo mtandao ulipokuja ulikuwa mlango wa kwanza kufunguliwa. Mwaka 2022, mashindano ya Mataifa Sita ya wanawake yalipopata mdhamini wao wenyewe wa jina kwa mara ya kwanza, mdhamini huyo hakuwa benki wala kampuni ya bia. Alikuwa TikTok.

Fainali ya Kombe la Dunia ya Septemba 27, 2025, Uingereza ikiifunga Canada 33 kwa 13 pale Twickenham, ilihudhuriwa na watu 81,885. Miaka mitatu tu nyuma, fainali ya Eden Park jijini Auckland ilikuwa na 42,579, nayo ilikuwa rekodi wakati huo. Sisemi mtandao peke yake ndio uliowaleta. Kulikuwa na mishahara, makocha na miaka ya kazi. Lakini shabiki wa leo wa wanawake anawajua wachezaji wake kwa kuwafuata mmoja mmoja, na anakwenda uwanjani akiwa tayari ana rafiki mle ndani.

Kwa nini Springboks wanapendwa hivi hata na watu wasio wa Afrika Kusini?

Vikombe vinne vya dunia vinasaidia: 1995, 2007, 2019 na 2023. Lakini New Zealand ina vitatu na sifa ya zaidi ya karne, na bado ukizungumza na kijana wa Kampala au Nairobi leo utasikia jina la Siya Kolisi kwanza.

Kolisi alizaliwa Zwide, kitongoji cha watu weusi pembeni ya jiji ambalo sasa linaitwa Gqeberha. Mwaka 2018 akawa nahodha mweusi wa kwanza wa Springboks katika mechi za kimataifa. Huvaa namba 6, namba ileile iliyokuwa mgongoni mwa jezi ya Nelson Mandela alipokabidhi kombe mwaka 1995. Hayo peke yake ni hadithi kubwa. Kilichofanywa na watu wa kamera wa Springboks ni kuiacha ijieleze, bila kuipamba.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Makazole Mapimpi. Kwenye Kombe la Dunia la 2019 jezi zilitengenezwa ili namba ya mgongoni ijazwe picha ndogondogo za watu ambao mchezaji anawachezea: wazazi, wake, watoto. Mapimpi, aliyekulia kijijini Eastern Cape na kuwapoteza mama, dada na kaka yake, alileta picha zake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na za mtu mwingine. Rassie Erasmus, aliyekuwa kocha, alisimulia jambo hilo kwenye filamu ya hali halisi iliyotengenezwa baada ya ushindi. Kipande hicho kikakatwa, kikasambaa duniani kote, na watu wasiojua raga wakalia. Tena Mapimpi huyo ndiye aliyefunga trai ya kwanza kabisa ya Afrika Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia, siku walipoifunga Uingereza 32 kwa 12 kule Yokohama. Baada ya kusikia habari ya zile picha, trai ile huiangalii tena kwa macho ya zamani.

Upande mwingine kuna furaha tupu. Siku hiyohiyo ya 2019 Faf de Klerk alimpa mkono mwana wa mfalme Harry akiwa amevaa chupi ya kuogelea yenye bendera ya taifa, na picha ikazunguka dunia. Na kuna Gwijo Squad, mashabiki wanaosafiri na timu wakiimba nyimbo za Kixhosa majukwaani. Hawa hawakuundwa na ofisi ya masoko. Walijikusanya, wakaimba, simu zikawarekodi, na timu ikawa na busara ya kuwapa nafasi. Ukitaka kujua tofauti kati ya raga ya Afrika Kusini ya zamani na ya sasa, sikiliza sauti ya video hizo.

Rassie Erasmus aliadhibiwa kwa nini?

Kwa video na kwa posti. Julai 2021, akiwa mkurugenzi wa raga, aliandaa video ya dakika 62 akichambua makosa ya refa Nic Berry baada ya kufungwa mjini Cape Town na British and Irish Lions, timu ya pamoja ya mataifa ya Uingereza na Ireland. Video ikafika mtandaoni. Novemba mwaka huo alifungiwa shughuli zote za raga kwa miezi miwili, na kazi za siku ya mechi hadi mwisho wa Septemba 2022. Shirikisho lake likatozwa faini ya pauni 20,000.

Aliporudi, Novemba 2022, akaposti klipu za maamuzi ya marefa baada ya kufungwa na Ireland na Ufaransa. Akafungiwa mechi mbili.

Mashabiki wengi wa Afrika Kusini walimwona shujaa anayesema wanachokiona wote. Ninaelewa hisia hiyo. Hata hivyo kocha mwenye maelfu kwa maelfu ya wafuasi akiweka klipu ya kosa la refa, hata kwa maneno ya adabu, anajua umati utaelekea wapi. Erasmus ni mwasiliani wa kipekee, kocha ambaye mashabiki wanahisi anazungumza nao ana kwa ana, na ndiyo sababu neno lake lina uzito usiolingana na la mtu mwingine.

Marefa hutukanwa kweli kiasi hicho?

Ndiyo, na ni doa kubwa kuliko yote katika jambo hili. Wayne Barnes, Mwingereza aliyechezesha fainali ya 2023 ambamo Afrika Kusini iliishinda New Zealand 12 kwa 11, alistaafu siku chache baadaye na kueleza vitisho vilivyoelekezwa kwake na kwa familia yake. Tom Foley, aliyekuwa mwamuzi wa video katika mechi hiyohiyo, alijitoa kwenye raga ya kimataifa mwishoni mwa mwaka huo kwa sababu ya shinikizo na matusi. Nahodha wa Uingereza, Owen Farrell, naye alikaa pembeni ya timu ya taifa ili kulinda afya yake ya akili na ya familia yake.

Shirikisho la dunia, World Rugby, liliajiri kampuni ya Signify kufuatilia matusi mtandaoni wakati wa Kombe la Dunia la 2023, kuwatambua wanaojificha nyuma ya majina ya bandia na kupeleka ushahidi kwa vyombo vya dola. Mwaka 2024 mtu mmoja alishtakiwa Australia kwa kumtukana mwamuzi wa mashindano hayo. Ni hatua nzuri, lakini ni ya baada ya jeraha.

Timu zenyewe zina wajibu ambao wengi wanaukwepa: kufuta matusi chini ya posti zao, na kufanya hivyo hata pale anayetukanwa ni refa au mchezaji wa upande wa pili. Akaunti inayoacha uchafu ukae kwa sababu unaongeza maoni na kuipandisha posti imechagua upande.

Mchezaji anaweza kufukuzwa kwa alichoposti?

Anaweza. Israel Folau, mmoja wa mabeki bora wa Australia, aliposti Instagram Aprili 2019 kwamba mashoga, walevi na wengine wanangojewa na jehanamu. Alikuwa amekwisha onywa kuhusu posti za namna hiyo. Mei mwaka huo Rugby Australia ikavunja mkataba wake wa miaka minne. Akashtaki akidai amebaguliwa kwa imani yake ya dini, na Desemba pande hizo mbili zikapatana nje ya mahakama. Tangu hapo, suala la mitandao katika mikataba ya wachezaji halichukuliwi tena kuwa dogo.

Mara nyingi haifiki huko. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Uingereza kucheza na New Zealand, mchezaji wa Uingereza Joe Marler aliandika kwenye X kwamba haka, ngoma ya Kimaori ambayo New Zealand huicheza kabla ya mechi, inafaa kutupwa. Dhoruba ikazuka, akafunga akaunti kwa muda, kisha akarudi akieleza kwamba alitaka kuichangamsha mechi. Ilichangamka kweli, na New Zealand wakashinda 24 kwa 22. Marler huyo alikuwa miongoni mwa Waingereza waliovuka mstari wa kati mwaka 2019, timu yao ilipojipanga kwa umbo la V kuikabili haka kabla ya nusu fainali. Uingereza ilitozwa faini ya pauni 2,000, na video ya tukio hilo ikatazamwa na mamilioni.

Haka yenyewe ni ya kuposti tu kama burudani?

Hapana. Ka Mate, haka inayojulikana zaidi, ni utungo wa Te Rauparaha, chifu wa watu wa Ngāti Toa, wa mapema karne ya 19, na tangu 2014 New Zealand ina sheria inayotaka atajwe katika matumizi ya kibiashara ya utungo huo. Anayetengeneza video ya masoko kwa kuichezea afanye utafiti kwanza.

Wafuasi wengi huleta pesa?

Siyo wenyewe. Klabu za Worcester na Wasps zilitolewa kwenye ligi kuu ya Uingereza Oktoba 2022 kwa madeni, na London Irish wakafuata Juni 2023. Wasps walikuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili, wanajulikana kote raga inakochezwa, na mashabiki wao walimiminika mitandaoni kwa majonzi. Majonzi hayo hayakulipa mshahara wa mtu hata mmoja.

Pesa hutoka kwa anayenunua tiketi, jezi au king'amuzi, na kwa mdhamini anayeamini timu itamfikisha kwa watu anaowataka. Kwa hiyo mdhamini makini siku hizi haulizi tu idadi ya wafuasi. Anauliza wako wapi, wana umri gani, na wangapi waliobofya wakanunua. Klabu ya mji mdogo yenye wafuasi elfu kumi wanaoishi umbali wa kuja uwanjani ina mali ya kweli. Yenye laki mbili waliotawanyika mabara manne inahitaji mpango mwingine, kama ule wa New Zealand, ambao mwaka 2023 walizindua jukwaa lao la video, NZR+, ili shabiki aliye mbali awe na mahali pa kuingia na si pa kupita tu.

Na Kenya je?

Kenya ina raga yenye historia na mashabiki wenye sauti, lakini wachezaji wengi wa klabu bado wana kazi nyingine. Aprili 2016 Shujaa, timu ya taifa ya wachezaji saba, walipoifunga Fiji 30 kwa 7 na kutwaa Singapore Sevens chini ya kocha Benjamin Ayimba, Wakenya mtandaoni waliishangilia timu kwa siku kadhaa mfululizo. Mwezi uliofuata Collins Injera akavunja rekodi ya trai katika mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba, iliyokuwa ya Mwingereza Ben Gollings. Hamu ya watu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuigeuza kuwa mazoea ya kila wiki: nani anacheza Jumamosi hii, saa ngapi, tiketi ni shilingi ngapi, na huyu kijana wa pembeni ametoka wapi.

Klabu za Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, zina jambo moja ambalo klabu za Ulaya hazina. Mechi nyingi hazina televisheni, kwa hiyo picha ni zao. Kabras Sugar wakicheza Kakamega, au Menengai Oilers wakiwa Nakuru, mtu mmoja mwenye simu nzuri, mahali pa juu pa kusimama na bando la kutosha anaweza kuirekodi trai na kuiposti kabla wachezaji hawajaoga. Asiporekodi, trai hiyo imepotea, na kijana aliyeifunga hana cha kumwonyesha kocha wa nje anayetafuta wachezaji.

Ningependa pia kuona Kiswahili kingi zaidi. Akaunti nyingi za raga Afrika Mashariki huandika Kiingereza kama kilichotoka ofisini, wakati jukwaani kwenye uwanja wa raga wa Ngong Road, Nairobi, watu wanashangilia, wanazomea na kutaniana kwa Kiswahili na Sheng. Andika kama mashabiki wako wanavyozungumza. Posti ya maneno kumi ya Kiswahili chini ya video ya mtu akimpiga mwenzake chenga itasafiri hadi Mombasa na Arusha bila kusukumwa.

Niko Afrika Mashariki na ndiyo kwanza naanza. Nifuate nani?

Fuata wachezaji kabla ya timu. Kolisi na Maher ni mwanzo mzuri, na kwa raga ya kasi mtafute Antoine Dupont wa Toulouse, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki na Ufaransa mwaka 2024. Kisha ongeza ukurasa wa Springboks, wa Shujaa, na wa klabu iliyo karibu nawe, hata kama ina wafuasi mia tatu. Kumbuka saa: wakati wa baridi Ulaya, mechi inayoanza saa tisa alasiri London kwetu ni saa kumi na mbili jioni, na majina ya kikosi utayaona Alhamisi kwa mchezo wa Jumamosi. Ukiwa Nairobi msimu wa Safari Sevens, mashindano yaliyoanza mwaka 1996, nunua tiketi.